Matanga ya Mheshimiwa Mgeni

Wanaosema kwamba Jamhuri ya Takrima haipo ni watu ambao hawajawahi kulipa kodi yake. Ipo, tena imejaa. Kwenye ramani hutaiona, kwa sababu wataalamu waliotumwa kuipima walianza kwa kupima posho, na hadi leo posho haijakwisha kupimwa. Lakini bendera inayo, wimbo inao, na Bunge inalo, lenye vioo mbele na viyoyozi nyuma. Haya yanasimuliwa kama yalivyosikika. Chumvi ikizidi, mlaumuni mpishi wa Bunge.

Bunge hilo lina sifa moja ambayo mabunge ya jirani yanaionea wivu: linaheshimu mila. Katiba nayo linaiheshimu, ila katiba imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alistaafu akahamia shamba. Kwa hiyo likitokea jambo gumu wabunge huulizana, "Kwetu ingekuwaje?" Kisha hufanya kama ambavyo ingekuwa kwao, kwa gharama ya kwenu.

Mwanaheri Kibindo hakuyajua hayo alipochaguliwa. Alikuwa mbunge mpya wa Vumilia, jimbo lililo mwisho wa barabara, pale lami inapokata tamaa. Kabla ya ubunge alikuwa mwalimu wa chekechea, kazi ambayo baadaye aliiona kuwa maandalizi mazuri. Aliingia bungeni na jambo moja tu la kusema, na jambo lenyewe lilianzia kwenye chupa.

Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imeleta Vumilia dawa ya kifua iitwayo Lala Salama. Ilikuwa nyekundu, tamu, na bei yake haikuzidi ya kikombe cha uji. Ukinywa kijiko, kikohozi kinaondoka, karo ya watoto inaondoka, hata mama mkwe anaondoka. Asubuhi vyote vinarudi isipokuwa kikohozi. Basi watu wakajifunza kukohoa. Walikohoa shambani, sokoni na kwenye foleni ya maji, mpaka mwenye kikohozi cha kweli akaonekana mshamba asiye na ubunifu. Msimu uliofuata mashamba ya Vumilia yalipaliliwa na ngiri peke yao, kwa kuwa wenye mashamba walikuwa wamelala.

Miongoni mwa waliolala alikuwamo Feruzi, mdogo wake Mwanaheri wa tumbo moja. Feruzi alikuwa fundi cherehani ambaye wanawake walimwandalia vitambaa tangu mwezi wa mfungo haujaandama, wakihofia asije akajaa kazi. Sasa alikuwa ameuza mkasi, pasi na meza. Cherehani ilibaki kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba dada yake aliikalia.

"Inuka kidogo, dada," alimwambia siku moja, akitetemeka. "Nataka kuipangusa vumbi."

"Ipanguse nikiwa nimekaa."

Feruzi akacheka, kisha akaketi sakafuni, na kicheko kikamwisha. "Mimi sitaki hela, dada. Usije ukaniletea hela. Hela nikiipata nitainywa. Nitafutie mahali penye kitanda na mtu wa kunishika nisitoroke. Nikimaliza kutetemeka, nitakuwa mtu."

Mwanaheri alimpenda mdogo wake kuliko alivyoupenda ubunge, na hilo tayari lilimtofautisha na wenzake. Alipopanda gari kwenda makao makuu alijiapiza kwamba hatarudi bila nyumba ya tiba.

* * *

Mungu si Athumani. Mawakili fulani walikuwa wameishtaki kampuni ile huko kwao, na kampuni, kwa kuogopa aibu kuliko ilivyoogopa dhambi, ikakubali kulipa fidia. Hakimu akasema kwa sauti kavu kwamba fedha hizo ni za watu walioumia. Zikasafiri, zikavuka bahari, zikafika Takrima.

Habari ilipofika bungeni, wabunge wote waliumia kwa pamoja. Mmoja alisimama akasema ameumia masikio kwa kusikiliza malalamiko ya wagonjwa. Mwingine alikuwa ameumia moyo, tena upande wa kushoto, ambao ni ghali zaidi. Waziri wa Fedha, Profesa Lukwembe, profesa wa nini hakuna aliyethubutu kumuuliza, alieleza kwamba hukumu ile ilikuwa ndefu mno na kuisoma kumemvunja mgongo. Wabunge wakapiga meza kwa huruma.

Hapo Mwanaheri akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Spika, watu wa Vumilia wameumia kwa dawa. Naomba fedha hizi zijenge nyumba ya tiba. Vitanda, daktari, maji na chakula. Naomba kutoa hoja."

Waliokuwa wanasinzia wakazinduka. Hakuwa amemshukuru Rais, wala mke wa Rais, wala waliompa nafasi ya kusimama. Alikuwa amesema jambo lote kwa pumzi moja, na jambo lenyewe lilieleweka. Wazee wa Bunge walisema baadaye kwamba hawajawahi kushuhudia utovu wa nidhamu wa namna ile.

Spika Kigwambo, mtu mnene mwenye sauti ya blanketi, alishusha miwani. "Mheshimiwa Mwanaheri, hebu nikuulize. Fedha hizi zimetoka wapi?"

"Ng'ambo, Mheshimiwa Spika."

"Zimekuja lini?"

"Jana."

"Kitu kilichotoka mbali kikaingia jana kwako unakiitaje?"

Kabla hajajibu, Profesa Lukwembe aliruka kutoka kitini, na mgongo wake ukawa umepona. "Mgeni!" alipaza sauti. "Mheshimiwa Spika, hizi fedha ni mgeni! Na kwetu mgeni hapewi kazi siku anayofika! Au huko Vumilia mtu akibisha hodi mnampa ufagio?"

Bunge lilicheka mpaka viyoyozi vikazimika. Mwanaheri naye uso ulimwaka kwa aibu, kwa kuwa ni kweli kwamba Vumilia hawampi mgeni ufagio.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Spika alihitimisha kwa upole. "Mila ziko wazi. Tumkaribishe kwanza. Siku ya tatu utamwona analima, mwanangu. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Walisema ndiyo. Mwanaheri mwenyewe alijikuta amesema ndiyo, maana siku tatu si nyingi, na methali haikuwa ya uongo.

* * *

Kesho yake mpambe wa Bunge aliingia na siwa mkono mmoja na sanduku la ngozi mkono wa pili. Siwa aliiweka mezani. Sanduku akalipandisha taratibu hadi jukwaa la wageni, akaliketisha kwenye kiti cha mbele, akaliwekea glasi ya maji.

"Waheshimiwa Wabunge," alisema Spika, "katika jukwaa la wageni leo tunaye Mheshimiwa Mgeni, aliyetutembelea kutoka ng'ambo. Mheshimiwa Mgeni, simama wabunge wakuone."

Sanduku halikusimama. Hilo lilichukuliwa kuwa unyenyekevu, na wabunge wakalishangilia zaidi.

Ikaundwa Kamati ya Mapokezi. Swali la kwanza la kamati lilikuwa gharama, kwa kuwa mila zinataka mwenyeji amkirimu mgeni, na mwenyeji, yaani Hazina, hakuwa na kitu mfukoni. Profesa Lukwembe alitatua jambo hilo kwa ufundi ambao bado unafundishwa vyuoni. Mwenyeji atamkopa mgeni fedha za kumkaribishia mgeni. Mgeni akiondoka atalipwa, na asipoondoka, basi amekuwa wa nyumbani, na watu wa nyumbani hawadaiani.

Palipikwa pilau. Mgeni hakuonja, na kwa sababu ni aibu chakula cha mgeni kurudi jikoni, wabunge walimsaidia. Akanunuliwa kitanda cha futi sita kwa sita kwa heshima ya cheo chake. Akapewa gari jeusi, akaketi nyuma amefungwa mkanda, na polisi wakasimamisha magari mengine njia nzima. Alipelekwa kuona maporomoko ya maji, kisha wanyama. Akapelekwa na kwenye shamba la Spika, ambalo kamati iligundua kuwa ni kivutio cha utalii kisicho na uzio, na kabla jioni haijaingia uzio ukawa umepatikana.

Mwanaheri alihudhuria yote hayo akihesabu siku kimoyomoyo. Ilipofika ya tatu aliinuka mapema, amevaa vizuri. "Mheshimiwa Spika, leo ni siku ya jembe."

"Siku ya tatu kwa kalenda ipi?" Spika aliuliza. Akamfafanulia kwa subira, kama mtu anayemfunga mtoto viatu, kwamba siku ya Bunge huanza Bunge linapofunguliwa na huisha linapoahirishwa. Siku aliyofika Mgeni, kwa furaha ya mapokezi, Spika alisahau kuahirisha. Alisema tu, "Twendeni tukale." Kwa hiyo kisheria ilikuwa bado siku ile ile ya kwanza.

Mahindi yalipandwa na kuvunwa, bado ni siku ya kwanza. Mvua za vuli zikanyesha, ikaingia ya pili, nayo ikanenepa. Wabunge walifurahi, kwa maana posho yao ilihesabiwa kwa kalenda ya kawaida.

Lakini aliyekaribishwa alianza kukonda. Wa kwanza kuliona alikuwa mpambe wa Bunge, ambaye awali alilibeba sanduku akihema na sasa alilining'iniza kwa kidole. Jambo likafikishwa bungeni. Daktari wa viongozi aliliwekea sanduku kipimo cha kifua, akasikiliza, akasema mapigo hayasikiki vizuri.

"Ni hewa ya kwetu imemkataa," alisema Profesa Lukwembe kwa masikitiko. "Mheshimiwa Spika, sisi si watu wa kumwachia mgeni afie mikononi mwetu. Napendekeza apelekwe nje kwa matibabu."

Ujumbe wa kumsindikiza ulikuwa mkubwa, maana mgonjwa hatumwi peke yake. Walikwenda waheshimiwa, wake za waheshimiwa, na shemeji mmoja aliyekuwa na ujuzi wa kubeba mizigo. Hoteli walizofikia zilikuwa zile zenye hewa nzuri, kwa ajili ya mgonjwa.

* * *

Mwanaheri alikwenda nyumbani. Hakukuwa na kikao, kwa kuwa nusu ya Bunge ilikuwa ng'ambo ikimuuguza Mgeni.

Alimkuta Feruzi barazani, amevimba miguu, macho yameingia ndani. Cherehani ilikuwepo bado. Majirani walikuwa wakipokezana kuikalia. Nyumba tatu mtaani zilikuwa na majivu ya moto wa msiba mlangoni. Watu walikuwa wanalala kwa Lala Salama na hawaamki, na waliobaki walikuwa wachovu kiasi kwamba hata kulia walilia kwa mafungu.

"Zile fedha zimefika, dada?" Feruzi aliuliza.

"Zilifika."

"Sasa?"

Mwanaheri aliangalia chini. "Zinaumwa. Zimepelekwa nje kutibiwa."

Feruzi akaanza kucheka. Alicheka akapiga magoti, akashika mbavu, majirani wakatoka kuja kutazama. "Fedha za kututibu," alisema akipata pumzi, "zimetangulia kutibiwa! Afadhali zenyewe zina ndugu wa kuzipeleka." Akacheka tena, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi safari hii hakikuwa cha kuigiza.

Usiku Mwanaheri hakufumba jicho. Alikuwa na hasira, tena hasira kali, na nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe aliyesema ndiyo pamoja nao.

* * *

Ujumbe uliporudi, sanduku lilishushwa kwenye ndege limefunikwa bendera.

Spika Kigwambo alisimama bungeni amevaa miwani myeusi. "Waheshimiwa, kwa masikitiko makubwa, Mheshimiwa Mgeni hatunaye." Akalifungua sanduku, wakaona wenyewe. Lilikuwa tupu, hata kitambaa cha ndani kilikuwa kimebanduka.

Kilio kilichopigwa hapo hakijawahi kusikika Takrima. Waheshimiwa walijitupa juu ya meza. Mmoja alivua koti, mwingine alizirai, akazinduka, akaangalia kama kamera ilimwona, akazirai tena. Profesa Lukwembe alitoa wasifu wa marehemu: alikuwa mtu wa watu, alisema, mkono wazi, hakumnyima aliyemwomba.

Halafu katibu wa Bunge akaleta karatasi kutoka ng'ambo, na vilio vikapungua sauti. Marehemu alikuwa ameacha madeni. Hoteli zilikuwa zinadai, wenye magari wanadai, na aliyefunga uzio wa shamba la Spika alikuwa nje ya geti tangu asubuhi.

Hapa msomaji aelewe mila ya Takrima. Madeni ya marehemu hubebwa na wafiwa. Kwa hiyo swali lililosimama katikati ya ukumbi, na kila mmoja akajitahidi kutoligonga, lilikuwa moja tu. Nani amefiwa?

"Mimi nilimfahamu kwa mbali," alisema Profesa Lukwembe, akipangusa machozi haraka.

"Mimi tulisalimiana tu," alisema yule aliyezirai mara mbili.

"Si wewe uliyekuwa unamwita ndugu yangu?"

"Ndugu wa itifaki! Taarifa, Mheshimiwa Spika! Aliyelala naye chumba kimoja hotelini si mimi!"

Wakaanza kurushiana ukoo. Huyu alisema yule ana pua ya marehemu, yule alisema huyu amevaa saa ya marehemu. Spika alipiga nyundo hadi mpini ukakatika.

Katikati ya kelele hizo ikasikika sauti nyingine. Mwanaheri alikuwa analia. Hakuwa analia kibunge. Alikuwa amejiinamia, mabega yanamtetema, akimwona Feruzi pale barazani na majivu milangoni mwa watu. Ukumbi ukanyamaza pole pole, maana kilio cha kweli kilikuwa kitu kigeni humo ndani.

Uso wa Spika ukang'aa. "Huyo!" alisema, akimnyooshea mpini. "Waheshimiwa, tazameni! Huyo ndiye mfiwa!"

"Hakika!" alidakia Profesa Lukwembe. "Na si yeye peke yake. Hakimu alisema nini? Alisema fedha ni za walioumia kwa dawa. Walioumia ni nani? Ni watu wa Vumilia! Fedha zilikuwa zao, Mheshimiwa Spika! Tangu mwanzo zilikuwa zao!"

"Zao!" Bunge likaitika. "Zao kabisa! Asilimia mia!"

Ndivyo Bunge la Takrima lilivyopitisha, bila hata sauti moja ya kupinga, kwamba fedha zile zilikuwa mali ya watu wa Vumilia. Walilipitisha jambo hilo kwa furaha, wakakumbatiana.

Mwanaheri aliinuka ili awatukane. Alikuwa tayari na neno, na lilikuwa neno zito ambalo mwalimu wa chekechea hulijua lakini halitumii. Akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa amekumbuka msiba wa mama yao. Siku zile hakupika, hakufagia, hakuchota maji. Kila kitu kililetwa, magodoro, masufuria, hata mtu wa kumpepea. Mjomba mmoja mwenye pupa alitaka kukunja hema mapema, wazee wakamkemea. Haanui matanga ila mfiwa, walimwambia. Na tena, hakuna mdai anayekanyaga penye matanga.

Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mheshimiwa Spika," alisema kwa sauti nyenyekevu, "kwanza namshukuru Rais, na mke wa Rais, na wewe uliyenipa nafasi hii."

Wabunge wakatazamana. Binti amekua.

"Sisi watu wa Vumilia tunakubali kufiwa. Tunaubeba msiba huu na madeni yake. Ombi letu ni mila zifuatwe. Matanga yakae kwa wafiwa, na marehemu alikuwa mtu mkubwa. Asizikwe kama maskini, waheshimiwa. Watu wa nje watasema nini?"

Wakapiga meza. Yalipigwa makofi hata na yule aliyezirai mara mbili.

* * *

Msafara ulioingia Vumilia ulivunja daraja moja na kutengeneza mengine mawili. Ulileta hema la dola, kubwa kuliko soko, lenye mapazia na sakafu ya mbao. Ulileta magodoro, kwa kuwa waheshimiwa wangelala chini kwa heshima ya marehemu, lakini si chini sana. Kulikuwa na jenereta, matangi ya maji, mchele, ng'ombe, wapishi, na gari zima la dawa pamoja na daktari kijana aitwaye Shomvi, wa kuangalia shinikizo la damu la viongozi wakati wa hotuba.

Sanduku lilizikwa kwa mizinga. Waheshimiwa wakahutubia, wakala, wakalalamikia mbu, na asubuhi wakaondoka. "Hema tutalifuata mtakapoanua," alisema Profesa Lukwembe, akipandisha kioo cha gari. "Daktari abaki. Ni mali ya hema."

Vumbi lilipotulia, Mwanaheri alimgeukia Daktari Shomvi. "Daktari, umewahi kumwachisha mtu Lala Salama?"

"Nimesomea, mama," alijibu kijana. "Tatizo ni kwamba sijawahi kufanya kazi mahali penye vitanda na dawa kwa pamoja."

Mchana ule ule Feruzi aliingizwa hemani akishikwa kwapani na wanaume wawili. Nyuma yake walikuja wengine, wa kutambaa, wa kubebwa kwa machela, mpaka magodoro ya waheshimiwa yakajaa.

Sasa mtu anayeachana na Lala Salama hutetemeka. Hutokwa na jasho, hukataa chakula, hugaagaa chini akiita mama yake. Serikali ilipomtuma mkaguzi wa misiba kuona kama matanga ya Vumilia ni halali, mkaguzi alichungulia, akaona umati unagaagaa, akavua kofia. Aliripoti kwamba miaka yote ya kazi yake hajaona mtu aliyependwa kama Mheshimiwa Mgeni. Wadai waliokuwa wamejibanza barabarani waliposikia hivyo walirudi mjini, maana hata mdai ana utu akilazimishwa.

Shida ilianza walipoanza kupona. Feruzi alikuwa wa kwanza. Asubuhi moja aliomba uji, akala, akaomba wa pili, kisha akamtania mpishi kuhusu sukari. Jioni alikuwa anapima mapazia kwa macho, akisema aliyeyashona angefungwa. Cherehani ikaletwa hemani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna aliyeikalia. Wengine wakafuata. Wakaanza kucheza bao. Mtu mmoja aliimba. Yaani ilikuwa ni aibu ya furaha, na wagonjwa wapya kutoka vijiji vya mbali walikuwa bado wanaletwa kila kukicha.

"Watasikia tunacheka watakuja kulikunja hema," alisema Mwanaheri. Akawapanga waliopona kwa zamu za kulia, wa asubuhi na wa jioni, kama alivyokuwa akipanga watoto wa kufuta ubao. Wanawake walijifunza upesi. Wanaume walihitaji mazoezi. Wa mwisho kabisa alikuwa Feruzi, ambaye kila akianza "Maskini Mgeni wetu" alikumbuka mkanda wa gari na pilau, akaangua kicheko, akaharibu zamu nzima.

"Wewe utatuponza," dada yake alimwambia, naye mwenyewe akiwa ameuma mtandio asicheke.

Na lori likaja siku ambayo zamu ilikuwa ya Feruzi. Profesa Lukwembe alishuka mwenyewe, pamoja na vibarua wa kukunja hema. Hema lilikuwa linahitajika, alieleza. Kulikuwa na mgeni mwingine anatarajiwa. "Nimesikia huku mnacheza bao," alisema. "Matanga ya bao mimi siyajui. Anueni."

"Bado tunalia, Mheshimiwa," alisema Mwanaheri. Nyuma ya pazia walikuwa wamelala watu walioletwa jana, wanatetemeka, hawajamaliza hata siku moja.

"Anayelia yuko wapi?"

Mwanaheri alimgeukia Feruzi. Feruzi alisimama katikati ya hema, amevaa shati aliloshona mwenyewe, akajikohoza kidogo. "Maskini," alianza, na pembe ya mdomo ikaanza kumcheza. Mwanaheri akafumba macho.

Kicheko hakikuja. Feruzi alikuwa ameangalia magodoro, moja baada ya jingine. "Maskini Bitebo," alisema. "Maskini Mwamvua wa Mzee Lidu. Maskini Chande, nilikuwa nimkatie suti." Akaendelea kuwataja, majina ya mtaa wao, kisha ya mtaa wa pili, wote waliolala kabla hema halijafika, na kila jina lilitoka na machozi yake, kwa sauti ya mtu aliyebaki. Wacheza bao wakainuka. Walioko nyuma ya pazia wakaitikia.

Profesa Lukwembe alisubiri, halafu akamwinamia Mwanaheri. "Mimi nilidhani marehemu ni mmoja. Hao anaowataja ndio nani?"

"Ndio wenye zile fedha, Mheshimiwa."

Waziri aligeuka akatoka hemani. Akawaashiria vibarua wapande lori, nalo likageuza tupu, likaondoka. Feruzi alikuwa bado anataja majina, na Mwanaheri hakumwambia kwamba sasa anaweza kunyamaza.